Kapasita za usalama katika kompyuta za zamani: Anachopaswa kujua mnunuzi na fundi

Kompyuta zilizotengenezwa miaka ya 1980, ambazo zamani zilitupwa kama taka, sasa zina soko lake. Wakusanyaji na makumbusho ya Ulaya na Marekani huzinunua, na nyingi husafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Hata hivyo, ndani ya pawa saplai ya mashine hizo kuna kifaa kidogo ambacho kinaweza kuigeuza mashine iliyouzwa kama "nzima" ikatoa moshi na harufu kali dakika chache baada ya kuwashwa. Kifaa hicho ni kapasita ya usalama, hasa iliyotengenezwa kwa karatasi.

Mfano unaofahamika zaidi ni BBC Micro, kompyuta iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, na kuingia sokoni mwaka 1981. Zaidi ya milioni 1 ziliuzwa, nyingi zikienda mashuleni. Nyingi kati yake zilifungwa pawa saplai za Astec zenye kapasita mbili za usalama, moja ya mikrofaradi 0.1 na nyingine ya 0.01. Pawa saplai za Astec zilitumika pia katika kompyuta za Apple II, na tatizo lake ni lile lile.

Kazi ya kapasita hizi

Pawa saplai za aina hii huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Jambo hilo huzalisha kelele ya umeme ambayo hurudi kwenye nyaya za jengo na kusumbua redio na vifaa vingine. Kapasita za usalama huwekwa mlangoni mwa umeme ili kuizuia kelele hiyo. Kwa kuwa zinakutana moja kwa moja na umeme wa ukutani, zinatawaliwa na kiwango cha kimataifa cha IEC 60384-14, ambacho kinazigawa katika madaraja mawili makuu.

Daraja X hufungwa kati ya waya wa laivu na nyutro. Ikipiga shoti, fyuzi hukatika, au kapasita yenyewe huungua. Daraja Y hufungwa kati ya laivu au nyutro na ethi. Hii ikipiga shoti, bodi ya chuma ya mashine inaweza kuwa na umeme na kumuua anayeigusa, hasa pale ambapo ethi ya jengo ni mbovu. Ndiyo maana daraja Y hujengwa kwa masharti makali zaidi: X2 hujaribiwa kwa mshtuko wa volti 2,500, wakati Y2 hujaribiwa kwa volti 5,000.

Kwa nini huharibika

Kapasita nyingi za miaka hiyo zilitoka kwa Rifa, kampuni ya Sweden iliyokuwa chini ya Ericsson. Ndani yake mna karatasi iliyopakwa chuma, na nje mna gamba gumu linalopitisha mwanga, lenye rangi ya kahawia. Karatasi haikuwa chaguo baya, kwani huvumilia vizuri mishtuko ya umeme. Udhaifu ulikuwa kwenye gamba. Kwa joto na miaka, gamba hupata nyufa, unyevu wa hewa huingia, karatasi huufyonza, umeme huanza kuvuja na kapasita hupata joto hadi kupasuka.

Mashine iliyokaa stoo miaka mingi haina usalama zaidi kuliko iliyokuwa ikitumika, kwa sababu unyevu hauhitaji umeme ili uingie. Mfanyabiashara anayehifadhi mzigo katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga au Zanzibar ana sababu zaidi ya kuwa makini.

Aidha, kipimo cha mita peke yake hakitoshi. Kapasita yenye nyufa inaweza kuonyesha thamani sahihi leo na kupasuka kesho. Ikionekana na nyufa, ibadilishwe bila kusubiri.

Namna ya kubadilisha

Kwanza, plagi itolewe ukutani, si kuzima swichi tu. Katika baadhi ya mashine kapasita hizi ziko kabla ya swichi, hivyo hubaki na umeme hata mashine ikiwa imezimwa.

Pili, kapasita kubwa za pawa saplai hubaki na chaji. Umeme wa ukutani wa volti 240 hufikia takriban volti 340 baada ya kugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu. Fundi apime kwa mita na kuondoa chaji kupitia rezista, si kwa bisibisi.

Tatu, kifaa kipya kiwe cha daraja lile lile, thamani ile ile, na volti zisizopungua 250 za mkondo geu. Nyingi za sasa ni 275 au zaidi. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa "400V" za mkondo mnyoofu si mbadala, hata kama inaingia kwenye matundu yale yale. Y inaweza kushika nafasi ya X iwapo thamani na volti zinatosha, lakini X haishiki nafasi ya Y kamwe.

Nne, umbali kati ya miguu upimwe kabla ya kuagiza. Vipimo vya kawaida ni milimita 10, 15 na 22.5.

Mafundi wengi huchagua kapasita za plastiki ya polipropilini, ambayo haifyonzi unyevu kama karatasi.

Gharama na soko

Kapasita ya X2 yenye ukubwa huu huuzwa kwa kawaida chini ya dola 1 ya Marekani kwa wasambazaji wakubwa. Usafirishaji ndio unaoweza kuzidi bei ya bidhaa. Katika forodha, kapasita za karatasi au plastiki huingia katika kifungu 8532.25 cha mfumo wa HS. Mnunuzi aangalie kwenye gamba jina la mtengenezaji, daraja, volti na alama za uthibitisho kama VDE, ENEC au UL. Kapasita isiyo na alama hizo isifungwe kwenye umeme wa ukutani, hata ikiwa rahisi namna gani.

Kenya, Uganda na Tanzania hutumia umeme wa volti 230 hadi 240 na plagi ya miguu mitatu ya Kiingereza, hivyo mashine kutoka Uingereza huchomekwa moja kwa moja bila adapta. Urahisi huo ndio hatari yake: hakuna kinachomlazimisha mnunuzi kuifungua kwanza. Kwa muuzaji, kuandika "kapasita za usalama zimebadilishwa" na kuambatanisha picha ni kazi ya nusu saa inayomwepusha na madai ya kurudishiwa fedha kutoka nchi nyingine.