Shuka, Miraba na Mbai: Suala la Nguo ya Asili katika Ukambani

Mtu wa Kiboko atakaye kuvaa siku ya arusi nguo itakayoonyesha asili yake, achague ipi? Swali hili si la mzaha. Kiboko ni kituo kidogo cha Makueni kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na nguo za dukani zimewafikia wakazi wa sehemu hizo kwa barabara hiyo, kwa reli, na kabla ya hayo kwa misafara ya miguu. Hata jina la mahali, kama lile la Simba, kituo cha jirani, ni la Kiswahili, lugha ya misafara. Maana simba kwa Kikamba ni munyambu.

Watu wadhaniwao kuwa wamelitatua swali hili ni Waskoti. Mskoti aendaye arusini huvaa kilti, yaani vazi la sufu lenye marinda, mfano wa sketi, lililofumwa kwa miraba iitwayo tatani. Na kila ukoo husemekana kuwa na tatani yake. Kwa sheria ya Bunge la Uskoti ya 2008 liko hata daftari rasmi la kuandikisha mitindo hiyo. Mfano huu huwavutia wale wanaotaka kila kabila la Kenya liwe na vazi lake, lakini yafaa historia yake itazamwe kwanza.

Mwaka 1746, baada ya vita vya Culloden, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mavazi ya wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1782. Katika 1815 chama kimoja cha Waskoti wa London kilipowaomba wakuu wa koo walete vielelezo vya tatani zao, baadhi ya wakuu hao hawakuzijua. Kiwanda cha Wilson cha Bannockburn kilikuwa kikiuza mitindo kwa nambari, na mingine ikapewa majina ya koo baadaye. Kisha Mfalme George wa Nne akazuru Edinburgh mwaka 1822, katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, na kila mwenye cheo akaanza kutafuta tatani ya kwao. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart walitoa kitabu cha tatani walichodai kimetokana na mswada wa kale. Leo huhesabiwa kuwa cha kughushi. Hugh Trevor-Roper alipoyaeleza mambo haya mwaka 1983, insha yake ilichapishwa katika kitabu kimoja na insha ya Terence Ranger juu ya mila zilizobuniwa katika Afrika ya kikoloni. Ujirani huo haukuwa wa bahati.

Waskoti wenyewe walifika karibu sana na Kiboko. Mwaka 1891 James Stewart, aliyekuwa Lovedale, Afrika Kusini, alianzisha misheni ya Kiskoti huko Kibwezi, mbele ya Makindu kwa upande wa pwani, kwa fedha za William Mackinnon na wenziwe wa ile Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Homa iliwasumbua na kuwaua, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa Kikuyu. Sasa, husimuliwa mara nyingi kwamba shuka ya miraba ya Wamasai ilitokana na tatani za wamisheni wa Kiskoti, na ukaribu huu ungeweza kushikwa kuwa ni ushahidi. Masimulizi hayo yanapendeza, lakini msamiati hauyaungi mkono.

Neno shuka limetokana na Kiarabu shuqqa, kipande cha nguo. Halina uhusiano na kitenzi kushuka, ijapokuwa tafsiri hiyo yavutia kwa nguo iteremkayo kutoka begani. Katika biashara ya misafara shuka ilikuwa kipimo: mikono minne. Shuka mbili zilifanya doti moja, na nguo nzima ikiwa bado imekunjwa ilikuwa jora. Mtu aliweza kutaja shuka ya merikani, ile nguo isiyotiwa rangi iliyoletwa kutoka Marekani, au shuka ya kaniki, bila kufikiria kabila la mvaaji. Miraba nayo ilikuwa na majina yake. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika orodha ndefu ya nguo za misafara, na humo imo sahari, nguo ya Maskati yenye miraba ya buluu na nyeupe na pindo jekundu. Basi miraba ilikuwa imekwisha kuingia bara, kwa majina ya Kiswahili, zaidi ya miaka 30 kabla ya Stewart kufika Kibwezi. Hili halithibitishi kwamba shuka nyekundu ya leo ni mjukuu wa sahari. Lathibitisha tu kwamba Mskoti hakuhitajiwa.

La ajabu zaidi ni jinsi kipimo kilivyogeuka kabila. "Shuka ya Kimasai" sasa ni jina la blanketi jepesi la kiwandani, na kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa, kwa kutumia miraba yake katika mavazi ya mwaka 2012, iliingia katika mjadala wa haki za Wamasai juu ya mali zao za kitamaduni.

Wakamba je? Hao walikuwa wachuuzi wa masafa marefu tangu zamani. Kivui wa Kitui, aliyempokea Krapf mwaka 1849, alikuwa mkuu wa misafara ya pembe. Kwao nguo ilikuwa mali, haikuwa kitambulisho cha mbai, yaani ukoo. Kitambulisho cha mbai kilikuwapo, lakini mahali pengine. C. W. Hobley, katika kitabu chake cha 1910, na Gerhard Lindblom baada yake, walieleza alama za koo zilizotiwa kwenye ng'ombe na mishale. Mshale humfuata mnyama aliyejeruhiwa hadi kusikojulikana, na ng'ombe huchanganyika malishoni. Vitu vya namna hiyo vyahitaji jina la mwenyewe. Nguo iko mwilini mwa mwenyewe.

Pengine ndiyo sababu vazi la taifa lililobuniwa Kenya mwaka 2004, kwa udhamini wa kampuni ya Unilever na sabuni yake ya Sunlight, halikushika. Leso haikubuniwa na kamati yoyote, na jina la "Mali ya Abdulla" lililo kwenye nyingi kati yake ni alama ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887; hata hivyo leso huvaliwa Ukambani arusini na matangani bila ya mtu kuuliza ni ya nani.

Pendekezo lililo karibu zaidi na desturi lingekuwa kudarizi alama ya mbai kwenye pindo la leso hiyo, au la shuka yoyote. Lakini hapo litazuka jambo jingine. Mbai hurithiwa kwa baba, na desturi haikuruhusu mtu kuoa ndani ya mbai yake. Kwa hiyo arusi hukutanisha alama mbili, nazo zilitiwa kwenye vitu vya wanaume. Nguo ya bibi arusi itatiwa alama ya babaye au ya mumewe? Hilo ni shauri la wazee wa mbai mbili, na lingepaswa kukatwa kabla ya fundi kutunga uzi sindanoni.