SOLARIAMU: Wazungu wanalipia kubabuliwa ngozi. Je, na sisi inatuhusu?



Juzi nilikuwa kafe nasubiri ukurasa ufunguke, si mnajua tena spidi zetu. Jamaa wa kompyuta ya pembeni akafungua picha: dada wa kizungu kalala ndani ya kitu kama jeneza la vioo, taa za zambarau zinawaka juu na chini yake, macho kafunikwa na vikombe vidogo vyeusi. Kafe nzima tukajaa pale. "Hiyo si mashine ya mochwari?" mmoja akauliza. Kumbe mwenzetu kalipa hela yake mwenyewe, anataka awe mweusi kidogo.

Tukacheka sana. Aliyecheka kuliko wote ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, nilikuwa nimeongozana naye. Sasa dada mwenyewe uso fanta, vidole koka. Mnanielewa. Nikasema hili suala lazima nilichimbe. Nimelisoma wiki nzima, na leo nawamegea.

SOLARIAMU NI NINI?

Ni saluni yenye mashine za kubadilisha rangi ya ngozi kwa mwanga. Kuna mashine za kulala, ambazo huko kwao huitwa vitanda vya jua, na kuna za kusimama, kama kabati. Ndani yake kuna taa ndefu zinazofanana na tyubulaiti za kwetu, ila hizi zimetengenezwa zitoe mionzi ya urujuanimno, kwa kifupi UV. Ni mionzi ile ile iliyomo kwenye jua, jicho haliioni.

UV inayotufikia kutoka kwenye jua ni ya aina mbili. UVA inazama ndani zaidi ya ngozi. UVB inaunguza tabaka la juu. Taa za solariamu hutoa UVA kwa wingi na UVB kidogo. Mashine zenye nguvu zimepimwa zikitoa UVA mara 10 hadi 15 ya ile ya jua la mchana kusini mwa Ulaya. Mteja anavua nguo, anavaa vile vikombe vya macho, analala humo dakika chache, mara nyingi chini ya 20, kisha anarudi tena baada ya siku mbili tatu mpaka rangi ikolee.

ILIANZAJE?

Hapa ndipo panaponoga. Zamani Ulaya mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mkulima alibabuliwa na jua shambani, tajiri akakaa kivulini. Kwa hiyo weupe ndio ulikuwa alama ya pesa. Wanawake wa kitajiri walitembea na miavuli juani, na wengine walijipaka poda nyeupe yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Vikaja viwanda. Maskini akafungiwa kiwandani kutwa nzima, akapauka. Tajiri ndiye akawa na nafasi ya kwenda kulala ufukweni. Rangi ya kahawia ikageuka alama ya likizo na hela.

Madaktari nao walichangia bila kukusudia. Niels Finsen wa Denmark alipata tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kuwa taa za UV zinaponya matege ya watoto. Watu wakaanza kuamini kwamba kuungua kidogo ni afya. Mwaka 1923 mwanamitindo Coco Chanel alionekana kusini mwa Ufaransa akiwa amebabuka na jua, na mara nyingi yeye ndiye anayetajwa kuufanya weusi wa ufukweni kuwa fasheni. Miaka ya 1970 Mjerumani Friedrich Wolff akauza vitanda vyenyewe Ulaya, vikavuka hadi Marekani, na miaka ya 1980 saluni hizi zikawa kibao mitaani.

Angalieni vizuri hapo. Ngozi ya mzungu ni ile ile miaka yote. Kilichobadilika ni rangi gani inasema "mimi nina pesa".

NGOZI INABADILIKAJE?

Ngozi yetu ina seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi. Kazi ya melanini si urembo. Ni mwavuli. Inakaa juu ya kiini cha seli na kuzuia UV isifike kwenye DNA, ule mwongozo unaoiambia seli ifanye nini na igawanyike lini.

UV ikipiga ngozi, DNA inaumia. Mwili unashtuka, unaagiza melanini zaidi, na baada ya siku mbili tatu rangi inaanza kukolea. Kwa hiyo ile rangi nzuri inayosifiwa ni jibu la mwili baada ya kuumizwa, kama sugu ya mkono wa mshika jembe. Hakuna kubabuka kwa UV bila DNA kuguswa.

Seli nyingi hujitengeneza zenyewe, na zilizoharibika sana hufa. Lakini makosa mengine hubaki. Yakijikusanya miaka na miaka, seli moja inaweza kuanza kujigawa bila breki. Hiyo ndiyo saratani.

SASA KWA NINI WANAIPENDA?

Tusiwaite wajinga haraka haraka. Sababu zao zinaeleweka.

1. Urembo. Wengi wanaona wakiwa na rangi ya kahawia wanaonekana wembamba, wenye afya, na chunusi hazionekani sana. Kabla ya harusi au mahafali, saluni zinajaa.

2. Baridi. Kaskazini mwa Ulaya wakati wa kipupwe jua linazama alasiri. Mtu anaenda kazini giza, anarudi giza. Kulala kwenye joto na mwanga ni raha kwake.

3. Mkumbo. Wasanii na vipindi vya TV vinachochea. Kipindi cha Jersey Shore cha Marekani, kilichoanza mwaka 2009, kilifanya kubabuka kuwa ratiba ya kila siku kama kupiga chuma na kufua nguo.

4. Uteja. Hii ilinishangaza. UV hufanya ngozi itengeneze endofini, kemikali za mwili zinazoleta raha na kupunguza maumivu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwaweka watumiaji wa mara kwa mara kwenye vitanda viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa kimezuiwa UV. Waliporuhusiwa kuchagua, karibu kila mara walikwenda kwenye kile chenye UV. Macho hayakuona tofauti, mwili uliijua.

MADHARA YAKE

Mwezi Julai 2009 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, Ufaransa, iliweka mashine hizi kwenye Kundi la 1, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Ni kundi moja na sigara na asbesto. Haina maana kwamba hatari yake ni sawa na ya sigara, bali ushahidi wake hauna ubishi.

- Melanoma. Hii ni saratani ya ngozi inayoogopwa zaidi kwa sababu inasambaa haraka hadi kwenye mapafu, ini na ubongo. Uchambuzi wa taasisi hiyo hiyo mwaka 2006 ulikuta kuwa anayeanza solariamu kabla ya miaka 35 anaongeza uwezekano wa kuipata kwa asilimia 75. Uchambuzi mwingine mkubwa wa Ulaya mwaka 2012 ulipata asilimia 59. Vyovyote utakavyopiga hesabu, si ndogo.
- Saratani nyingine za ngozi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa solariamu zinahusika na kesi zaidi ya 450,000 za aina hizi kila mwaka, pamoja na zaidi ya 10,000 za melanoma, ukijumlisha Marekani, Ulaya na Australia.
- Macho. Ukilala bila kinga, macho yanaungua, na baadaye kuna hatari ya mtoto wa jicho. Kufumba tu hakutoshi.
- Kuzeeka. UVA inakata nyuzi zinazoshika ngozi isilegee. Mtu anatafuta urembo akiwa na miaka 20, akifika 40 ana makunyanzi ya bibi.

MANENO YA WAUZAJI

"Solariamu inakupa vitamini D." Vitamini D inatokana na UVB, na mashine nyingi zinatoa UVA zaidi. Samaki wenye mafuta au vidonge vinatosha bila kuchoma DNA. Mwaka 2010 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilikiwekea chama cha wenye solariamu zuio kwa kutangaza kuwa ni salama na zina faida za kiafya.

"Ukibabuka kwanza kidogo, jua halitakuunguza." Kinga hiyo ni ndogo mno, sawa na losheni ya namba 3 au 4, wakati madaktari wanashauri kuanzia 30. Ni kama kujichapa fimbo leo ili kesho usisikie fimbo.

Anayeitaka rangi kweli anaweza kutumia losheni au dawa ya kupuliza inayopaka rangi seli zilizokufa juu ya ngozi. Inatoka baada ya siku chache, na haihitaji UV.

NCHI ZIMEFANYA NINI?

Brazili ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku solariamu za urembo kabisa, mwaka 2009. Mwaka huo huo Ujerumani ilizuia walio chini ya miaka 18. Uingereza ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2010. Marekani, pia mwaka 2010, iliweka kodi ya asilimia 10 kwenye huduma hiyo.

Habari iliyonigusa ni ya Australia. Clare Oliver, binti wa Melbourne, aliugua melanoma na akatumia siku zake za mwisho kuwaonya wenzake kwenye vyombo vya habari juu ya solariamu. Alifariki Septemba 2007, akiwa amefikisha miaka 26 tu. Sheria zikaanza kukazwa, na kuanzia tarehe 1 Januari 2015 majimbo karibu yote ya Australia yalifunga biashara hiyo. Jimbo la magharibi lilifuata mwaka 2016.

SISI INATUHUSU NINI?

Inatuhusu, tena sana.

Kwanza, ule mwavuli wa melanini ambao mzungu anautafuta kwa kuumia, wengi wetu tumezaliwa nao. Halafu tunalipa ili tuutoe. Mkorogo kazi yake ni hiyo. Haidrokwinoni inazuia melanini kutengenezwa, na ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya weusi wa bluu ambayo hayatoki kirahisi. Zebaki inaharibu figo. Krimu kali za steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, kidonda kinachelewa kupona. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, lakini vinapenya tu. Anayetumia krimu za steroidi asiache ghafla kivyake, maana ngozi inaweza kulipuka. Aende kwa daktari ampunguzie taratibu.

Pili, ndugu zetu wenye ualbino. Hawa hawana mwavuli kabisa, au ni mdogo sana, na jua letu haliwahurumii. Kwao saratani ya ngozi inaanza mapema, hata ujanani. Ndiyo maana pale KCMC Moshi ilianza kutengenezwa losheni maalumu kwa ajili yao. Kofia pana, mikono mirefu na losheni kwao ni dawa, si fasheni.

Tatu, msidhani weusi hatupati melanoma. Bob Marley alikutwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na ilimuua tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Aina ile haitokani na jua. Huota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na kwetu mara nyingi hugunduliwa wakati tayari imesambaa.

Kwa hiyo kagua ngozi yako. Muone daktari ukiona:

- baka au kidoadoa ambacho nusu moja haifanani na nyingine
- kingo zilizochongoka ovyo
- rangi zaidi ya moja ndani ya baka moja
- upana unaozidi milimita 6
- kitu chochote kinachobadilika, kinachowasha au kutoa damu
- mstari mweusi mpya chini ya ukucha, au kidonda cha unyayo kisichopona

MWISHO WA YOTE

Haya nilimsomea dada jana, hapo hapo kafe. Alipofika kwenye mkorogo alinyamaza. Baadaye akasema, "Kwa hiyo mdogo wangu, unaniambia mimi na yule wa kwenye jeneza ni pacha?" Nikamwambia dada, mimi nimesoma tu, sijasema.

Wote wawili wanalipa leo, na deni halisi linakuja baada ya miaka. Na kila mmoja angefurahi kuwa na ngozi ya mwenzake.

Jumatatu namsindikiza kwa daktari wa ngozi. Ana baka shavuni, mwezi wa tatu huu halitoki, alikuwa analifunika na poda. Muombeeni.

Kwa leo naishia hapa wadau. Mwenye swali au aliyeishi ughaibuni akaziona hizo mashine kwa macho, atupie maoni hapo chini. Matusi sipokei!