Mali ya Umma Ilivyogeuka Hisa

Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililosajiliwa kuwa kampuni mwaka 1996 na kuanza biashara tarehe 15 Aprili 1998, halikuanzishwa na wafanyabiashara waliohitaji mahali pa kuuziana hisa, bali lilitokana na uamuzi wa Serikali wa kubinafsisha mashirika iliyoyamiliki tangu Azimio la Arusha la 1967. Sheria ndiyo iliyotangulia: mwaka 1994 ilitungwa Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyounda mamlaka ya kusimamia uuzaji wa hisa, yaani sehemu za umiliki wa kampuni, pamoja na hatifungani, ambazo ni hati za mkopo zenye riba. TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani, wakawa wa kwanza kuorodheshwa, na Kampuni ya Bia Tanzania ikafuata mwaka huohuo.

Asili hiyo iliacha alama isiyofutika. Katika masoko kama ya London na New York, umiliki wa kampuni nyingi umetawanyika, hivyo hofu ya wanahisa ni mameneja wasio na wa kuwazuia. Dar es Salaam, ambako mara nyingi mbia mkuu wa kigeni na Serikali walibaki na hisa nyingi, aliyehitaji kulindwa hasa alikuwa mwanahisa mdogo, ambaye kura yake katika mkutano mkuu humezwa kabla haijahesabiwa. Kwa sababu hiyo miongozo ya utawala wa kampuni ya mwaka 2002, iliyohimiza bodi ziwe na wakurugenzi huru wasiofungamana na mbia yeyote, ilistahili uzito mkubwa kuliko uliopewa.

Wananchi hawakukosa hamu ya kununua hisa, kwani mwaka 2008 Serikali ilipouza asilimia 21 ya Benki ya NMB kwa shilingi 600 kila hisa, maombi yalizidi hisa zilizokuwapo. Hata hivyo, sheria ilipozilazimu kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, mauzo ya Vodacom Tanzania ya mwaka 2017 yalibidi yaongezewe muda na kufunguliwa kwa wageni, kwa sababu fedha za ndani hazikutosha.

Soko lenyewe lilikwisha kujiorodhesha mwaka 2016, na tangu hapo nalo huwajibika kuchapisha hesabu zake na kujibu maswali ya wanahisa wake.