Mbegu Chotara, Shambani na Kwenye Gemu

Agosti 1996, kampuni ya Kijapani ya Pack-In-Video iliingiza sokoni gemu ya konsoli ya Super Famicom isiyokuwa na adui wa kupigwa. Mchezaji alikabidhiwa shamba lililoota magugu, jembe, shoka na kopo la kumwagilia, akaachiwa misimu minne ya mwaka apange mwenyewe atapanda nini. Aliyeibuni, Yasuhiro Wada, alikuwa amekulia mashambani kabla ya kuhamia Tokyo, na ni huko jijini ndiko alikoanza kuyaona maisha ya kijijini kuwa kitu kinachostahili kuchezwa. Marekani gemu hiyo ilipewa jina la Harvest Moon, na kutoka kwake ukazaliwa ukoo mzima wa gemu za ukulima.

Katika ukoo huo, toleo la mwaka 2003 la konsoli ya GameCube, A Wonderful Life, ndilo lililothubutu kuigusa kazi ya mtafiti wa mbegu. Ndani yake kuna mmea unaosema, jina lake Tartan. Mchezaji hampati siku ya kwanza. Ni lazima kwanza ajifunze kulima. Akishampata, humpelekea mazao mawili, tuseme nyanya na tikiti maji, naye huyachanganya na kutoa mbegu ya zao jipya lenye umbo lake, jina lake na bei yake. Zao hilo nalo laweza kurudishwa kwa Tartan likachanganywa tena, kikapatikana kizazi cha pili, ambacho ndicho kilele cha ufundi katika gemu ile.

Anayeijua mimea ataona mara moja kwamba nyanya na tikiti haviwezi kuzaa pamoja. Nyanya ni ndugu wa mnavu, biringanya na kiazi mviringo. Tikiti ni ndugu wa boga na tango. Hilo mimi silihesabu kuwa kosa, kwa kuwa hadithi ina ruhusa zake. Linalonivuta ni jambo jingine. Kwenye gemu ile, mbegu chotara ikishapatikana, imepatikana. Unavuna tunda, unalitia kwenye mashine ya kutengeneza mbegu, unapata mbegu ya zao lile lile, mwaka baada ya mwaka. Shambani haiwi hivyo, na historia ya mbegu chotara karibu yote imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Aliyeianza kuihesabu tofauti hiyo alikuwa mtawa, Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri ya mjini Brno. Kati ya 1856 na 1863 alipanda njegere, akizipandisha kwa mkono, aina kwa aina. Alipooanisha njegere za mviringo na zile zenye makunyanzi, watoto wote walitoka mviringo. Mwingine angeishia hapo na kusema makunyanzi yamepotea. Mendel aliwaacha watoto hao wajichavushe wenyewe, kisha akahesabu wajukuu mbegu moja moja: 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, karibu tatu kwa moja. Sura ya bibi ilikuwa imejificha kizazi kimoja, haikufa. Kwa maneno mengine, mmea chotara haurithishi uchotara wake mzima mzima. Ukiupanda tena, wazazi wake waliojificha wanajitokeza, huyu hapa, yule pale.

Kwa mahindi, jambo hili lilikuja kuwa na uzito wa chakula na fedha. Mwaka 1908 George Shull, aliyekuwa akifanya utafiti Cold Spring Harbor katika jimbo la New York, alitangaza alichokiona kwenye vijishamba vyake. Alikuwa akiyalazimisha mahindi kujichavusha yenyewe kizazi baada ya kizazi. Kila kizazi kilizidi kudumaa: mashina mafupi, magunzi madogo, punje za kuhesabika. Lakini alipochukua dhaifu wawili wa koo mbalimbali na kuwaoanisha, mtoto aliinuka kwa nguvu, na wengine wakazidi hata mahindi ya awali kabla ya kudhoofishwa. Edward East wa Connecticut alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Nguvu hiyo ya uchotara iko katika kizazi cha kwanza tu. Mkulima akiweka akiba mbegu ya mavuno yake na kuipanda msimu unaofuata, nusu ya nyongeza ile inaondoka, na shamba linakuwa na mimea ya kila kimo.

Kulikuwa na kikwazo: mama wa mbegu alikuwa yule mmea uliodumaa, na gunzi lake lilitoa punje chache mno za kuuza. Mnamo 1917 Donald Jones, pale Connecticut, alipata njia. Badala ya wazazi wawili alitumia mababu wanne: aliwaoanisha wawili wawili, kisha akawaoanisha watoto wao. Sasa mama alikuwa chotara mwenye afya, mwenye gunzi lililojaa, na mbegu ikawa ya bei inayolipika. Mwaka 1926 Henry Wallace wa Iowa, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alianzisha kampuni ya kuuza mbegu hizo. Katika jimbo la Iowa, mahindi chotara yalikuwa chini ya asilimia 10 ya mashamba mwaka 1935. Miaka minne baadaye yalikuwa yamepita asilimia 90.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana ndiyo iliyoachwa nje ya gemu. Kwenye shamba la kuzalisha mbegu, mistari ya mama hupandwa sambamba na mistari ya baba. Mmea wa mahindi una dume juu, mbelewele, na jike ubavuni, gunzi lenye ndevu. Ili mama apokee chavua ya baba peke yake, ni lazima mbelewele zake zing'olewe kabla hazijafunguka. Wafanyakazi hupita mstari kwa mstari, mkono mmoja umeshika shina, mwingine unavuta mbelewele kutoka kwenye majani ya kileleni, taratibu usije ukang'oa na majani yanayolisha gunzi. Kesho wanapita tena pale pale, na keshokutwa, kwa sababu mimea haichanui kwa saa moja. Mbelewele chache zilizosahaulika zinatosha kuharibu mbegu za sehemu hiyo, kwa kuwa chavua inakwenda na upepo. Mstari wa baba hukatwa baadaye, na kinachovunwa kuwa mbegu ni cha mama. Mwaka unaofuata kazi yote inaanza upya, kwa wazazi wale wale waliotunzwa mbali na chavua ngeni.

Sura ya historia hii iliyo karibu nasi iliandikwa Kitale, nchini Kenya. Walowezi wa Trans Nzoia walikuwa na mahindi meupe yaliyotokana na mbegu zilizoletwa kutoka Afrika Kusini, Hickory King ikiwa mojawapo, zikachanganyika mashambani hadi zikawa aina moja iliyojulikana kama Kenya Flat White. Mwaka 1955 Michael Harrison alianza kazi ya kuyaboresha katika kituo cha utafiti cha Kitale. Kutokana na mahindi hayo zilipatikana mbegu zilizoitwa Kitale Synthetic. Zilikuwa nzuri, lakini zote zilikuwa za ukoo mmoja, na ukioanisha ndugu kwa ndugu nguvu ya uchotara huwa ndogo. Mwaka 1959 Harrison alisafiri hadi Amerika ya Kilatini kutafuta damu ngeni, akarudi na sampuli za mahindi. Mojawapo ilikuwa Ecuador 573, mahindi ya nyanda za juu za nchi inayopitiwa na ikweta kama Kenya, ambayo hakuna mtafiti aliyekuwa ameyaboresha. Ilipooanishwa na Kitale Synthetic II, mtoto alimpita mzazi wa Kitale kwa takriban asilimia 40.

Mtoto huyo aliitwa H611, akatolewa kwa wakulima mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mbichi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho, ndiyo iliyoizalisha, na maduka madogo ya vijijini ndiyo yaliyoifikisha kwa watu. Pakiti ya kilo 10 ilitosha ekari moja, na hicho kilikuwa kipimo cha mkulima mdogo. Magharibi mwa Kenya wenye ekari mbili tatu waliipokea kwa kasi iliyolingana na ile ya wakulima wakubwa wa Marekani, pengine hata kuizidi. Naona tukio hili halijapewa nafasi yake katika masimulizi yetu. Watu waliozoea kusemwa kwamba ni wagumu wa kubadilika walibadilisha mbegu katika miaka michache, walipoona tofauti kwa macho yao kwenye shamba la jirani.

Kulikuwa na busara nyingine ndani ya H611. Wazazi wake hawakuwa mimea iliyodumazwa kama ya Shull, bali mahindi mawili ya kawaida yenye afya. Kwa hiyo kuzalisha mbegu yake kulikuwa kwepesi, na aliyeshindwa kununua akapanda za akiba hakuanguka vibaya sana. Na kwa Ukambani, ambako mvua haiaminiki, watafiti wa kituo cha Katumani karibu na Machakos hawakupeleka chotara. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walitoa Katumani Composite B, mahindi yanayokomaa upesi, ambayo mwanamke wa Makueni angeweza kuchagua magunzi bora, kuyatundika juu ya moshi wa jiko, na kuyapanda tena bila kwenda dukani. Waliangalia mfuko wa mkulima na mawingu yake, na uamuzi huo nauheshimu kuliko rekodi yoyote ya mavuno.

Gemu nazo hazikubaki pale Tartan alipoziacha. Machi 2020 kampuni ya Nintendo ilitoa Animal Crossing: New Horizons, ambamo watu hupanda maua, huyamwagilia, na wakati mwingine yaliyo jirani huzaa rangi mpya. Haukupita muda wachezaji wakaifungua programu na kutazama ndani yake. Walichokikuta ni Mendel mtupu. Kila ua lina jozi tatu za jeni zilizofichwa, na waridi lina nne, hivyo waridi laweza kuwa na michanganyiko 81 nyuma ya rangi chache zinazoonekana. Panda mawaridi mawili meupe yaliyotoka kwenye mbegu za dukani, na mtoto mmoja kati ya wanne, kwa wastani, atatoka zambarau, kwa sababu weupe wa wazazi ulikuwa umebeba kitu usichokionyesha.

Anayelitafuta waridi la buluu, lililo gumu kuliko yote, hujifunza haraka kwamba rangi haimwambii kitu kuhusu jeni. Maua mawili mekundu yaliyosimama pamoja yaweza kuwa na urithi tofauti kabisa, na lililookotwa kisiwani bila kujulikana wazazi wake humpotezea majuma. Kwa hiyo wachezaji wazoefu huzipanga bustani zao kwa miraba, kila kizazi na mraba wake, wakitenga jozi ili majirani wasiingilie. Na mraba ukivurugika, hawajaribu kuunusuru. Wanakwenda dukani kununua mbegu ambazo jeni zake zinajulikana, wanaanza tena na wazazi wale wale.