Kambi za Mto Mara: Kutoka Uwindaji hadi Utalii

Kusini mwa Kapsoit na mashamba ya chai ya Kericho, mito ya Nyangores na Amala huteremka kutoka msitu wa Mau kupitia Bomet na mipakani mwake, kisha huungana na kuwa Mto Mara, ambao kingo zake zimebeba sehemu kubwa ya historia ya kambi za mahema nchini Kenya.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kambi ilikuwa makao ya muda ya msafara wa uwindaji. Kampuni ya Newland, Tarlton ya Nairobi, iliyohudumia msafara wa Theodore Roosevelt mwaka 1909, ilimpatia rais huyo mstaafu wa Marekani wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo, zaidi ya 200, pamoja na askari na wapishi. Mahema yalipigwa karibu na mto kwa kuwa umati huo, pamoja na farasi wake, ulihitaji maji, kivuli na kuni.

Maasai Mara ilipofanywa hifadhi chini ya serikali ya mitaa ya Narok mwaka 1961, na Governors' Camp ikafunguliwa kando ya mto mwaka 1972, kambi ilianza kuwa makao ya kudumu ya watalii. Marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 ilikamilisha mageuzi hayo. Hata hivyo, maji yanayovutia wanyama na wageni bado hutegemea misitu na wakulima wa nyanda za juu.