Miaka Tisini Bila Wakili

Mtu wa Milepa akishtakiwa, hesabu ya kwanza ni ya nauli. Kata hiyo iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, chini ya safu ya Lyambalyamfipa. Mawakili wako juu, Sumbawanga mjini. Mwenye gunia la mpunga atauza mpunga, mwenye mbuzi atauza mbuzi, apande mlima akamtafute mtu wa kumsemea. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, hata kama angerudi na wakili amekaa naye kiti kimoja ndani ya basi, wakili huyo angeishia mlangoni. Katika mahakama iliyo karibu zaidi na mwananchi, sheria yenyewe ndiyo iliyomzuia.

Marufuku hiyo ina umri mkubwa kuliko Jamhuri. Serikali zimekuja na kuondoka, na kila moja iliikuta ikailinda kwa sababu zake.

Kabla ya wageni, Ufipa ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja na Mwene wake. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alivutiwa na namna Wafipa wanavyothamini mazungumzo. Mwaka 1978 alitoa kitabu kizima kuhusu sanaa yao ya kusema. Si vigumu kuona jinsi shauri linavyokwenda katika jamii ya namna hiyo. Mtu anasema, mjomba anaongeza, jirani anakumbusha jambo la mwaka juzi, na utetezi unakuwa kazi ya watu wengi. Lakini tusiipambe mno picha hiyo. Sehemu nyingi za kusini-magharibi ya Tanganyika, aliyetuhumiwa uchawi alinyweshwa mwavi, sumu ya kumpima kama ana hatia, na hapo maneno ya mjomba hayakuwa na kazi tena. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Ni mji unaobeba tuhuma katika jina lake.

Wajerumani walijenga boma lao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Bwana mkubwa wa boma alikuwa mtawala, polisi na hakimu kwa wakati mmoja. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, sheria yao ya mwaka 1920 iliweka mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu. Mpango huo haukufika miaka kumi. Mwaka 1929 Gavana Donald Cameron, mwenye sera yake ya kutawala kupitia watemi na machifu, alizitoa mahakama hizo kwa majaji akazikabidhi kwa maofisa wa utawala. Rufaa ikawa inapanda kwa Mkuu wa Wilaya, kisha Mkuu wa Jimbo, na mwisho kwa Gavana mwenyewe. Haikufika kwa jaji. Wakili naye hakuruhusiwa kuingia.

Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba mawakili wataleta hila za maneno, gharama na ucheleweshaji, na kuharibu mila ambazo hawazijui. Ina ukweli ndani yake; ndiyo maana iliishi muda mrefu. Ila iliacha jambo moja gizani. Mkuu wa Wilaya aliyesikiliza rufaa ya mtu aliyekosa kulipa kodi ndiye huyo huyo aliyesimamia ukusanyaji wa kodi. Na mwaka mmoja kabla, Sheria ya Uchawi ya 1928 ilikuwa imempa uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi akakae mahali atakapopangiwa, baada ya uchunguzi wa Mkuu huyo tu, bila kesi. Mbele ya ofisa wa namna hiyo, mtu anahitaji msemaji kuliko anavyomhitaji mbele ya jaji.

Mwaka 1951 ikatungwa sheria nyingine iliyozibadili jina ziwe mahakama za mitaa. Mlango ulibaki umefungwa.

Mwaka 1958 nchi nzima ilipata nafasi ya kuona maana ya kuwa na mtetezi. Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kashfa, kutokana na maneno aliyoandika katika jarida la Sauti ya TANU dhidi ya maofisa wawili wa utawala. D. N. Pritt, wakili mashuhuri, alisafiri kutoka London kuja kumtetea, akisaidiwa na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Nyerere alitiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000, lakini wakati huo maofisa hao walikuwa wamekwisha kuulizwa maswali mbele ya hadhara, jambo ambalo mkulima wa Ufipa hakupata kuliona barazani kwake. Kama mkulima huyo angeshtakiwa mwaka huo huo kwa kumtukana jumbe, Pritt angeweza kuja na joho lake hadi Milepa na asingeruhusiwa kutamka neno.

Uhuru ulipokuja, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1964, ikaunganisha ngazi zote kuwa mfumo mmoja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Hili lilikuwa badiliko kubwa kweli. Shauri la mtu wa bonde la Rukwa sasa liliweza kupanda mpaka kwa jaji. Lakini katika ngazi ya chini wakili aliendelea kukatazwa. Hoja za mila zilipisha hoja za usawa: tajiri asije na msomi wa kumtisha maskini, lugha iwe Kiswahili, mambo yaende haraka. Na mawakili wenyewe walikuwa wachache. Kitivo cha sheria, cha kwanza katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kilifunguliwa Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru. Sheria ya 1984, iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, ilibeba marufuku hiyo katika kifungu cha 33.

Mahakama ya Mwanzo ina uzuri wake, na anayeidharau hajakaa ndani yake. Hakimu alikaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na kwa sheria hiyo ya 1984 uamuzi ulipatikana kwa wingi wa kura. Mzee wa kijijini alikuwa na kura sawa na ya hakimu. Ndugu au mtu wa nyumbani aliweza kuruhusiwa kukusemea, lakini kwa madai tu. Ikiwa ni jinai, ulisimama peke yako.

Na tabu ya kusimama peke yako huonekana pale shahidi anapomaliza kutoa ushahidi. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: una swali? Mshtakiwa, aliyelala mahabusu akiwaza namna ya kueleza kisa chake, anaanza kukieleza. "Siku hiyo mimi sikuwepo, mheshimiwa, nilikwenda..." Hakimu anamkatiza: uliza swali, nafasi ya kujitetea utapewa baadaye. Basi anasema hana swali, anakaa. Yeye anadhani ametii. Katika sheria amefanya jambo zito, kwa sababu Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba kutomhoji shahidi juu ya jambo la msingi huchukuliwa kuwa umelikubali. Mtu aliyekulia penye utamaduni wa kusimulia anaponzwa na kutojua kuuliza. Kifungo cha Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida hakizidi miezi 12, lakini miezi 12 inatosha kupoteza msimu mzima wa shamba. Akikata rufaa wilayani ndani ya siku 30 anaweza kumleta wakili, naye wakili atakuta mwenendo wa shauri umekwisha kuandikwa: mshtakiwa hana swali.

Juu mlimani sheria ilikuwa ikiota mizizi mingine. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya kuwapa wakili washtakiwa wa jinai wasio na uwezo. Mwaka 1981 Mahakama ya Rufani iliona kwamba mtu anayekabiliwa na adhabu ya kifo ana haki ya kupewa mtetezi. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, alikwenda mbele zaidi: mshtakiwa maskini lazima aambiwe kwamba haki hiyo ipo, maana haki usiyoijua huwezi kuidai. Ni uamuzi wa kupendeza kuusoma hadi leo. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, katika kifungu cha 310, ilikuwa imempa kila mshtakiwa haki ya kutetewa na wakili katika kila mahakama ya jinai isipokuwa Mahakama ya Mwanzo. Maneno hayo machache ya mwisho yaliwagusa watu wengi kuliko kanuni yenyewe, kwa kuwa huko ndiko kesi ndogo za vijijini huanzia.

Pengo hilo lilizibwa nusu na watu wasio mawakili. Kulikuwa na vishoka, wanaoandika rufaa kwa malipo na kuahidi wasichoweza. Wakaja pia wasaidizi wa kisheria, waliofundishwa na asasi za kiraia hadi Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilipowatambua rasmi. Msaidizi hasimami kizimbani badala ya mtu. Anaweza kumwelekeza apate dhamana, na anaweza kumfundisha usiku mmoja kabla ya kesi namna ya kugeuza kisa kuwa swali: "Ulisema uliniona saa mbili usiku. Kulikuwa na taa gani?"

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Wakili sasa anaruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi, yaani hakimu mwenye shahada ya sheria. Tangu 1929 hadi hapo ni miaka 92. Wengi waliifurahia habari hiyo bila kusoma sharti lake. Ruhusa imefungamanishwa na cheo cha anayekaa kitini, na cheo hicho mshtakiwa hakichagui. Sharti hilo lina busara, kwa kuwa hakimu asiyesomea sheria kwa kina angeweza kuburuzwa na msomi. Ila linamaanisha kwamba haki ya mtu inaweza kubadilika kwa uhamisho wa mtumishi.

Mwaka 2023 ilizinduliwa kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Rais Samia, na wanasheria wakaanza kuzungushwa mikoani kuwasikiliza watu bila malipo. Kampeni huja na kuondoka. Kesi hupangiwa tarehe yake. Kwa hiyo mtu wa Milepa anayefikiria kuuza mbuzi ili apande Sumbawanga kutafuta wakili ana jambo la kufanya kwanza, kabla hata ya kumfungua mbuzi kamba. Aende kwa karani wa mahakama amuulize: hakimu atakayesikiliza shauri langu ni hakimu mkazi?