Kupoza tarakilishi kwa maji: Ya kuzingatia kabla ya kununua

MKAZI wa Mutomo hahitaji kufafanuliwa maana ya joto. Katika mji huu wa kusini mwa Kaunti ya Kitui, upande wa Tsavo Mashariki, chumba cha mabati kisicho na dari hupita nyuzi 30 za sentigredi kwa urahisi ifikapo adhuhuri.

Ndani ya chumba kama hicho, tarakilishi inayohariri video za harusi au kuchora ramani za majengo huanza kunguruma, hupunguza kasi, na hatimaye hujizima kazi ikiwa nusu. Hapo ndipo mwenyewe husikia habari za mitambo ya kupoza kwa maji na kujiuliza iwapo itamfaa.

Jibu ni kwamba huenda ikamfaa. Hata hivyo, si kila tarakilishi inayohitaji mtambo huo, wala si kila maji yanayofaa kutiwa ndani yake. Anayekosea katika mambo haya mawili anaweza kuipoteza mashine inayompa riziki.

JINSI UNAVYOFANYA KAZI

Mfano mwepesi ni gari. Injini ya Volkswagen Beetle ya zamani ilipozwa kwa hewa na haikuwa na rejeta. Magari mengi mengine hutumia maji yanayozunguka injini, kubeba joto na kulipeleka kwenye rejeta, ambako feni hulipuliza nje.

Tarakilishi nayo hufuata njia hizo mbili. Nyingi hupozwa kwa bonge la alumini au shaba lenye feni, lililobanwa juu ya prosesa. Katika mtambo wa maji, mahali pa bonge hilo huwekwa kibamba cha shaba nyekundu chenye mifereji midogo. Pampu huyasukuma maji kupitia kibamba hicho, kisha mipira huyapeleka kwenye rejeta.

Maji huchaguliwa kwa sababu ujazo fulani wa maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko ujazo uo huo wa hewa. Mbinu yenyewe si ngeni. Cray-2, tarakilishi kubwa ya Marekani iliyotolewa mwaka wa 1985, ilizamishwa nzima katika kiowevu maalumu kisichopitisha umeme. Mwaka wa 2004, kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kiowevu, na baadhi ya mashine hizo baadaye zilivuja na kuharibika.

MPAKA WAKE

Wengi hudhani kuwa maji yataifanya tarakilishi iwe baridi kama maji ya mtungi. Sivyo. Maji ya mtungi hupoa kuliko hewa ya chumba kwa sababu machache hupenya udongo na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi hufanya kazi vizuri zaidi katika hewa kavu ya Ukambani.

Maji ya tarakilishi yamefungiwa ndani na hayageuki mvuke. Kwa hivyo, chumba kikiwa na nyuzi 34, maji hayo hayawezi kushuka chini ya 34. Aidha, joto linalotoka kwenye rejeta hubaki chumbani, na chumba kisicho na madirisha mawili ya kupitisha hewa kitazidi kuwa moto. Kabla ya kununua chochote, fungua madirisha, iondoe mashine kwenye pembe ya ukuta na, ukiweza, weka dari chini ya mabati.

JE, UNAUHITAJI?

Tarakilishi nyingi zinazouzwa nchini ni zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo. Aghalabu prosesa zake hutumia takriban wati 65, na kisanduku chake hakina nafasi ya rejeta. Mashine ya aina hii haihitaji maji. Ifungue, ondoa vumbi, pangusa mafuta mazito yaliyokauka kati ya prosesa na kipozaji, kisha upake mapya. Mara nyingi tatizo huishia hapo kwa gharama ndogo.

Mtambo wa maji humfaa mwenye prosesa kubwa inayofanya kazi nzito kwa saa nyingi. Mathalani, Intel Core i9-13900K, iliyotolewa mwaka wa 2022, huweza kufikia wati 253. Prosesa za aina hii hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100. Hata hapo, linganisha kwanza na kipozaji kikubwa cha feni mbili, kwa kuwa hicho hakina pampu ya kuharibika wala maji ya kuvuja.

AINA MBILI

Ya kwanza ni mitambo iliyofungwa kiwandani. Pampu, mipira, rejeta na maji huja vikiwa kitu kimoja, na mnunuzi hubana kwa skrubu tu. Aghalabu hudumu miaka mitano au zaidi, ingawa maji hupungua polepole kwa kupenya kuta za mipira. Pampu ikifa, kwa kawaida hununuliwa mtambo mwingine.

Ya pili ni mitambo ya kujiundia. Mwenyewe hununua kila sehemu, hukata mipira, huunganisha na kujaza maji. Huweza kupoza prosesa na kadi ya picha kwa pamoja, na sehemu moja ikiharibika hubadilishwa peke yake. Hata hivyo, bei yake ni ya juu zaidi, viungo vya kuvuja ni vingi, na maji hubadilishwa takriban mara moja kwa mwaka.

Kwa anayeanza, na hasa anayeishi mbali na maduka ya Nairobi, ile iliyofungwa ndiyo salama. Ya kujiundia na ingoje mpaka mkono uzoee.

MAJI GANI?

Hapa ndipo mkazi wa Mutomo anapaswa kuwa makini zaidi. Visima vingi vilivyochimbwa kusini mwa Kitui hutoa maji ya chumvi. Chumvi hiyo hula metali na huacha ukoko mweupe, kama ule unaoonekana ndani ya birika. Mifereji ya kibamba ni myembamba mno, na ukoko kidogo tu huiziba. Isitoshe, maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na tone moja likiangukia bodi kuu mashine huenda ikaungua.

Kuchemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu lakini hauondoi chumvi. Kuchuja kwa kitambaa pia hakusaidii, kwa kuwa chumvi imeyeyuka. Maji ya mabwawa ya mchanga, ambayo yamewaokoa wengi Kitui, ni matamu kwa kunywa lakini bado yana madini. Maji ya mvua hubeba vumbi na uchafu wa paa.

Kinachofaa katika mtambo wa kujiundia ni kiowevu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, au maji yaliyogeuzwa mvuke na kugandamizwa tena, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Maji ya namna hiyo huuzwa katika vituo vya petroli kama maji ya betri. Soma kibandiko kwa makini usije ukapewa asidi ya betri badala yake. Kiasi kinachohitajika kwa kawaida hakizidi lita moja au mbili. Viowevu vingine vina sumu, kwa hivyo viwekwe mbali na watoto.

Usichanganye pia rejeta ya alumini na kibamba cha shaba katika mtambo wa kujiundia. Metali hizi mbili zikikutana ndani ya maji, alumini huliwa. Mitambo ya kiwandani mara nyingi ina metali zote mbili, lakini maji yake yametiwa dawa ya kuzuia hali hiyo. Ndiyo sababu haifai kuifungua na kuongeza maji ya nyumbani.

UKUBWA NA UWEKAJI

Rejeta hutajwa kwa milimita kulingana na feni zake. Ya 120 hubeba feni moja, ya 240 mbili, na ya 360 tatu. Ile ya 120 haifui dafu mbele ya kipozaji kizuri cha feni, hasa penye joto. Anza na ya 240. Ikiwa prosesa yako hupita wati 200 kwa muda mrefu, chukua ya 360. Pima kwanza kisanduku chako, na uhakikishe kwamba vibanio vinaingia kwenye bodi kuu yako.

Wakati wa kuweka, pampu isiwe mahali pa juu kuliko rejeta. Hewa iliyomo hupanda juu, na ikikusanyika ndani ya pampu, pampu hupiga kelele na kuchakaa mapema. Aliyejiundia mtambo awashe pampu pekee kwa saa 24, bodi kuu ikiwa haina umeme, na atandaze karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Maji yakimwagika hayazoleki, na bodi iliyoungua haina tiba.

VUMBI NA UMEME

Vumbi jekundu la Mutomo huziba mapezi ya rejeta upesi. Yasafishe kwa brashi laini kila mwezi, na uzishike feni zisizunguke unapopuliza hewa. Kisanduku kiwe na wavu wa kuzuia vumbi unaoweza kuoshwa.

Pampu hutegemea umeme. Umeme ukipotea, mashine nzima huzimika, na hapo joto si hatari. Hatari ni umeme unaporudi kwa kishindo. Betri ya akiba yenye kinga ni muhimu kuliko rejeta kubwa. Vilevile, ingia katika mipangilio ya mashine na uweke onyo litakaloizima pampu ikisimama.

Mwisho, dai risiti na waranti, na uulize dukani iwapo fidia hutolewa maji yakivuja na kuharibu sehemu nyingine. Safari ya kurudisha bidhaa kutoka Mutomo hadi Nairobi ina nauli yake, na siku ambayo mashine imelala ni siku isiyo na malipo.